Nguo za Shimo la Saba

Pitcarrow, Fife
9 Oktoba 2022

Dada Netta,

Pokea salamu za mdogo wako aliye mzima kama chuma cha meli, yaani mzima pamoja na kutu yake. Mke wangu Ina anakusalimu. Ile skafu uliyomtumia anaivaa kanisani ili mke wa mchinjaji aione, na mke wa mchinjaji ameiona. Paka yule wa rangi ya chungwa amekufa. Usimlilie, alikuwa mwizi. Samaki wa moshi wa Lumsden si wale uliowaacha, siku hizi ukimla mmoja unaonja sanduku.

Sasa kaa chini. Uwanja wetu wa gofu umeuzwa. Si wote: nusu ya upande wa bahari, kuanzia shimo la tano mpaka la tisa, pamoja na ule mteremko ulio chini ya nyumba ya klabu. Mwenye ardhi alikufa, watoto wake wako London, wakaiuzia kampuni ya mjini inayotaka kujenga nyumba za wageni wa kiangazi. Ua utapigwa mwezi wa Machi. Na mwenyekiti wetu, Alistair Fordyce, mtoto wa yule Fordyce unayemjua, alisimama mbele yetu kwenye mkutano akatabasamu kama aliyetuzalia mtoto. Akasema kampuni ni ya waungwana, imetupa zawadi.

"Zawadi gani?" nikauliza.

Mashine ya gofu. Unasimama chumbani, unapiga mpira wa kweli kwenye turubai, halafu mpira unaendelea kuruka ndani ya picha. Mashimo yote unayotaka, ya Florida, ya Japani.

"Kwa hiyo tufungiwe ndani kama kuku wa mayai," nikasema.

"Dod, humo ndani hakuna mvua."

"Hata kaburini hakuna mvua, Alistair."

Watu walicheka, lakini walipomaliza kucheka walinyoosha mikono kukubali. Nikarudi nyumbani nimevimba. Nikamwambia Ina: kama watatufungia ndani, basi humo ndani tutacheza uwanja wetu wenyewe, na nitautengeneza mimi. Ina akauliza, wewe na nani. Mimi na kichwa changu, nikasema.

Dada, nimepika katika bahari zote zenye majina. Nahodha Mgiriki alilia juu ya kitoweo changu, na si kwa sababu ya vitunguu. Kompyuta itanishinda? Kuna programu ya bure ya kuchora viwanja, na kuna ramani iliyopimwa kutoka kwenye ndege inayoonyesha kila kibonde cha Pitcarrow. Unaitia ramani ndani, kisha unapaka nyasi, unachimba mabwawa ya mchanga, unachomeka bendera. Mwalimu wangu ni Mkorea mmoja wa kwenye video. Sielewi neno lake hata moja, ila natazama mikono yake, kama nilivyojifunza kukaanga ngisi kule Busan.

Shimo langu la kwanza nililimaliza juzi. Nikapiga mpira, ukatua vizuri, ukaanza kubingirika, ukapita bendera, ukapita kanisa, ukaingia baharini, na nilipokwenda kulala ulikuwa bado unakwenda. Nyasi nilizipaka laini mno. Vyaelea vimeundwa, ila changu hakikutaka kusimama.

Lakini shimo la saba ndilo linalonitesa. Ramani inanipa ardhi, hainipi tabia. Wewe unalijua kuliko yeyote, ingawa najua utasema hulijui. Niandikie.

Mdogo wako,
Dod


Dunedin
6 Novemba 2022

Mdogo wangu Dod,

Barua yako imefika ikinuka tumbaku, ilhali ulituapia umeacha. Hapa ni majira ya kuchipua, maua yamefunguka na kondoo wanapiga kelele kama bungeni. Binti yangu Linley anakusalimu. Barua zako ananisomea yeye kwa sauti, kwa kuwa anapenda utani wako, na mimi namwachia raha hiyo. Mwandiko wangu umekuwa mkubwa kwa sababu kalamu hii ni nene. Vipi nyonga yako? Mwaka jana uliandika kwamba daktari amekupa tarehe, tangu hapo kimya. Usinijibu kwa habari za Busan.

Uwanja kuuzwa, nimesikia. Kwa Fordyce sishangai, chui hazai mbuzi.

Shimo la saba silijui. Wanawake hatukuwa tukicheza gofu Pitcarrow, umesahau? Mimi nilikwenda pale kuanika nguo.

Mwambie Ina nimepata sufu ya kijivu, nitamfumia soksi.

Dada yako,
Netta


Pitcarrow
2 Desemba 2022

Dada Netta,

Salamu za baridi. Bomba la jikoni limeganda, Ina anayeyusha barafu kwa kikaushio cha nywele huku akilitukana kwa sauti ya upole. Soksi anazisubiri. Nyonga yangu iko mahali pake, imeunganishwa na mguu kama zamani. Kule Busan tulikuwa na msemo kuhusu maswali mengi, ila umenikataza.

Mradi unakwenda kwa kishindo. Mashimo yote tisa yapo. Mipira inasimama. Programu ilinipa miti ya bure, yote minazi, nikapanda mmoja kwenye shimo la tatu kwa kumbukumbu ya Colombo. Wenzangu wa klabu wakanilazimisha kuung'oa.

Wiki iliyopita tuliutia uwanja wangu kwenye mashine ya klabu, wanaume wote wamejaa, chupa mbili za wiski mezani. Lumsden akapiga wa kwanza. Akashinda. Akapiga Rab mchinjaji, naye akashinda. Hata padri, ambaye kwa miaka yote hajawahi kuupeleka mpira mahali alipomwomba Mungu aupeleke, alilimaliza shimo la saba kwa mapigo mawili. Mwanzoni tulifurahi. Kisha kila mtu akamtazama mwenzake. Hakuna aliyewahi kulishinda la saba kirahisi hivyo.

"Ni pazuri," Fordyce akasema. "Ila si Pitcarrow."

Nilitaka kumpiga kwa sababu alisema kweli. Kumbe upepo sikuutia. Mzee mzima wa baharini nimetengeneza pwani ya Scotland isiyo na upepo. Sasa nimeutia, lakini unavuma tu kama feni, hautoki popote, hauna kichwa wala mkia. Nikawauliza wenzangu: pale la saba mlijuaje upepo unatoka wapi, na bendera iko bondeni haionekani? Kila mmoja akaniambia habari za mpira wake mzuri wa mwaka fulani. Hakuna aliyeniambia alijuaje.

Picha ya shimo la saba nimeifunga humu. Itazame, uniambie kimekosekana nini. Wewe ni mkali, utaona.

Krismasi njema kabla haijafika,
Dod


Dunedin
8 Januari 2023

Mdogo wangu Dod,

Krismasi tuliila nje, juani, kama wapagani. Linley alichoma nyama ikaungua upande mmoja, tukaigeuza upande mwingine mbele ya wageni. Soksi ziko njiani.

Picha yako Linley alinieleza, maana anaeleza vizuri. Akasema: kuna mteremko wa kijani, kuna bahari, kuna bendera kwa mbali. Nikamwuliza, na kingine? Akasema hakuna kingine.

Basi picha yako ni ya uongo. Nguo ziko wapi?

Mnakaa na wiski mnaulizana mlijuaje upepo. Mlijua kwa sababu mbele yenu zilikuwa zinaning'inia nguo za mama zenu. Kabla klabu haijazaliwa, wanawake wa Pitcarrow walikuwa na haki ya kuanika kwenye mteremko ule, Jumatatu na Alhamisi, na hakuna laird, yaani mwenye ardhi, wala mwenyekiti aliyeweza kuwaondoa. Nguzo nne za chuma, kamba tatu. Shuka likijaa kama tumbo la mjamzito, upepo ni wa baharini, unalenga mnara wa kanisa. Likining'inia, usiliamini, subiri. Likianza kupiga makofi, upepo umegeuka kutoka bondeni, unautia mpira chini chini. Waume zetu walisoma nguo zetu maisha yao yote, wakadhani ni akili zao.

Na kwa kuwa umeuliza, nitakwambia hili pia. Gofu tulikatazwa, kuanika hatukukatazwa. Kikapu kilikuwa kikubwa. Juu shuka, chini fimbo ya baba. Tulipanga mashuka kuanzia nguzo ya kwanza mpaka ya nne, ukuta mmoja, na aliyekaa dirishani kwenye nyumba ya klabu aliona wanawake wanafanya kazi. Nyuma ya ukuta huo tulicheza shimo la saba. Mimi, Peggy Imrie, na mama. Ndiyo, mama. Alikuwa na pigo fupi zuri kuliko la baba, ukibisha muulize Peggy.

Mpaka siku ile Fordyce mkubwa alipoteremka mwenyewe akalivuta shuka. Habari ya siku hiyo siiandiki.

Sasa nijibu, na usinipake mafuta. Nguzo bado zipo? Nani anaanika? Maana wewe unahangaika kuutia uwanja kwenye sanduku kama unampiga picha maiti, na maiti mwenyewe bado anapumua.

Netta


Pitcarrow
30 Januari 2023

Dada Netta,

Soksi zimefika. Ina amezivaa, anatembea nazo chumbani akizitazama. Mimi nimepata mafua, nikajitibu kwa wiski, nikaumwa kichwa, nikajitibu kwa uji wa shayiri. Sote wazima.

Barua yako niliisoma mara moja nikakaa kimya, jambo lililomfanya Ina atake kuniitia daktari. Mama. Yule mama aliyekuwa akinifinya nikikanyaga zulia la nyasi kwa viatu vya shule.

Nguzo zipo mbili zimesimama na mbili zimelala kwenye miiba. Hakuna anayeanika. Kila nyumba ina mashine ya kukausha, inazunguka jikoni kama punda wa kinu. Nimekwambia kweli, sijakupaka mafuta.

Nimeanika kwenye kompyuta. Katika programu hakuna mashuka, ya kazi gani kwa Wakorea na Wamarekani. Nikachukua bendera, nikaifuta rangi, nikaivuta pande zote mpaka ikawa shuka la kitanda cha watu wawili. Na kwa kuwa ndani yake bado ni bendera, inajaa upepo na kulegea yenyewe, hata mlio wake upo. Mkorea wangu hajafika huko, sasa nadhani atajifunza kwangu. Nimetundika mashuka kamba tatu, na chupi moja ndefu ya baridi, ambayo ni yangu, nimeipima.

Tukajaribu tena klabuni. Lumsden alisimama mbele ya turubai, akalitazama shuka likijaa, akafungua mdomo. "Mama yangu," akasema. Akalenga mnara wa kanisa, hakuna aliyemwambia. Padri aliutia mpira miibani kama kawaida yake, tukampigia makofi.

Fordyce akanivuta pembeni.

"Ondoa nguo, Dod. Watu wa kampuni wanakuja kwenye uzinduzi wa mashine. Tutaonekanaje?"

"Tutaonekana safi."

"Sitaki chupi kwenye uwanja wa klabu yangu."

"Basi funga macho ufikapo la saba, mpira wako hautajua tofauti."

Akasema nisipoziondoa uwanja wangu hautaingia kwenye mashine tena. Nikamwambia auzime. Uwanja nimeshautoa hadharani kwenye mtandao, mtu yeyote duniani mwenye mashine anaweza kuucheza, akiwa Busan, akiwa Dunedin. Zima hiyo nayo, Alistair.

Lakini lililo kubwa ni la Ina. Nilirudi nyumbani najisifu, yeye anakunja nguo. Akaniuliza, ua unapigwa lini? Nikamwambia Jumatatu ya mwanzo wa Machi, ila kwanza bibi mmoja wa halmashauri, Bi. Rennie, atakuja asubuhi hiyo kuhakikisha kwamba ardhi ile haina desturi ya wanakijiji inayotumika. Akikuta haina, nguzo za ua zinaingia ardhini.

Ina akashika shuka mkononi, akanitazama kama ninavyotazamwa nikiwa nimesahau jambo.

"Jumatatu," akasema. "Na wewe nguo umezianika kwenye kompyuta."

Dada, utakuja? Linley akusindikize. Chumba kipo.

Dod


Dunedin
14 Februari 2023

Mdogo wangu Dod,

Sote wazima. Sitakuja. Usiniulize sababu, kama mimi ninavyoacha kukuuliza nyonga.

Humu kuna shuka. Ni la mama, ndilo lililokuwa kwenye kamba siku ile. Pembeni utaona mshono mrefu, niliushona mimi mwenyewe ndani ya meli nikija huku, bahari ilikuwa mbaya ndiyo maana umepinda. Sijalilalia hata mara moja.

Linakwenda nguzo ya pili, upande wa juu, mshono uelekee nyumba ya klabu. Mwambie Peggy avae kofia.

Netta


Pitcarrow
14 Machi 2023

Dada Netta,

Salamu kutoka kijiji kilicho safi kuliko vyote Scotland. Ina mzima, ingawa sauti imemkauka. Peggy Imrie alivaa kofia. Upepo uliichukua.

Shuka lilifika Ijumaa. Jumapili baada ya ibada Ina alisimama mlangoni mwa kanisa, akamnong'oneza kila mwanamke aliyetoka neno moja. Mimi, Rab na Lumsden tukaenda kusimamisha zile nguzo mbili zilizolala. Niliinua ya tatu, nyonga ikalia kama mlango wa stoo. Itapasuliwa mwezi ujao, umefurahi? Tarehe ninayo, na safari hii sitaikimbia.

Jumatatu asubuhi upepo ulitoka baharini, wa kuchuna ngozi. Nilidhani watakuja watano. Dada, waliteremka na vikapu kutoka kila kichochoro, wengine na mabeseni, mke wa mchinjaji na toroli. Wasichana ambao hawajawahi kushika kibanio walikuwa wanafundishwa palepale. Kamba tatu hazikutosha, tukafunga nyingine mpaka kwenye bendera ya la saba. Mashuka, foronya, suruali za wavuvi, nguo za ubatizo, majoho ya padri aliyoyaleta mwenyewe kwapani. Wahenga walisema mvuliwa nguo huchutama. Sisi hatukuchutama, tulianika.

Lori la ua likaja, vijana wakashuka na nyundo, wakakuta hakuna pa kupita. Nyuma yao Fordyce, kajifunga tai.

"Hii ni fujo," akasema.

"Hii ni Jumatatu," Peggy akamjibu, vibanio viwili mdomoni.

Fordyce akaja moja kwa moja kwenye nguzo ya pili. Sijui kwa nini ile. Akanyoosha mkono akashika shuka la mama, pembeni kabisa. Ina akafika kabla yangu.

"Livute," akamwambia. "Baba yako alilivuta. Mshono huo unaoushika ndio alama yake."

Akautazama mshono. Peggy akatoa vibanio mdomoni akamweleza siku ile yote, kwa sauti, mbele ya vijana wa lori: nani alikuwa nyuma ya shuka, nani alisukumwa, nani alivunjiwa fimbo ya baba yake kwenye goti la mwenyekiti wa wakati ule na klabu nzima inatazama dirishani. Kwa hiyo sasa naijua. Hukuiandika, nami siiandiki. Fordyce aliachia shuka. Kibanio kilikuwa kimeanguka, akainama akakiokota, akamkabidhi Peggy, akaondoka. Sisemi ametubu. Nasema aliinama.

Bi. Rennie alifika na mabuti yake, mwanamke mfupi, mnyamavu, pua nyekundu. Akauliza, hizi nguo ni za nani?

"Za wenyewe," Ina akasema.

"Mnaanika hapa tangu lini?"

"Tangu nyanya wa nyanya yangu," Peggy akasema, "kasoro miaka tuliyodanganywa na umeme."

Nilidhani ametuharibia. Bi. Rennie akacheka puani. Akatembea mstari mzima akigusa nguzo moja moja, akawaambia vijana wapakie mbao zao warudi mjini, ua haupigwi mpaka jambo lisikilizwe. Kikao ni Juni. Watakuja na mawakili. Waje. Tutaanika kila Jumatatu na Alhamisi mpaka Juni, na baada ya Juni, na wakijenga tutaanika madirishani kwao.

Klabu wameuwasha tena uwanja wangu. Hawakuniomba msamaha, waliniomba niongeze majoho ya padri. Nimeongeza. Ile kanuni ya zamani pia nimeitia, unaikumbuka: mpira ukigonga nguo, mchezaji ausogeze bila adhabu.

Na nimefanya kitu kingine, kwa raha zangu tu. Shimo la saba sasa linachezeka kwa sikio. Mlio wa shuka nimeupa nguvu: likijaa linanguruma kushoto, upepo ukigeuka linapiga makofi kulia, likilegea ni kimya. Bendera nayo nimeifungia kengele. Huhitaji kutazama kitu. Linley anasema, nilimpigia simu kuhusu mambo mengine, kwamba hapo Dunedin kuna ukumbi wenye mashine. Mwambie akusimamishe mahali, akupe fimbo, akae kando anyamaze. Shuka lililo nguzo ya pili lina mshono. Mtu hauoni, lakini upo, niliuchora.

Mdogo wako,
Dod


Dunedin
9 Aprili 2023

Mdogo wangu Dod,

Sote wazima. Majani yanaanguka. Linley hajui kutunza siri, nimeshamwambia.

Tulikwenda. Kijana wa ukumbini akataka kunishika kiwiko, nikampa koti langu alishike. Nikasimama. Nilisikia shuka likinguruma kushoto, nikajua mnara uko wapi. Nikangoja. Likanyamaza, sikuliamini. Likanguruma tena, nikapiga.

Linley anasema ulikwenda vizuri kisha ukagonga nguo, nguzo ya pili, ukaanguka chini yake. Mashine ikaniuliza kama nataka kuusogeza bila adhabu.

Nimekataa. Nitaupiga hapohapo ulipo.

Netta